Tulivyomvuta Rebeka

Siku mliyoniaga mlinipa blanketi, sufuria kubwa na maneno mazuri. Blanketi ninalala nayo, sufuria bibi ya mtoto wangu ameshaichoma, na maneno mazuri nimeyaweka. Halafu Mercy akasimama mbele ya watu wote akasema, "Kogo, usiende nyumbani kukaa tu na kuku. Tuandikie mambo ya kazi." Kogo ndiyo nyanya kwa Kikipsigis, na mimi ni kogo kweli, wa wajukuu wengi, wote wazuri na wenye akili, isipokuwa mmoja ambaye bado tunamwombea. Kwa hivyo ninaandika. Shule nilienda kidogo, nikatolewa wakati ng'ombe za baba zilihitaji mtu wa maana. Mahali nimekosea, rekebisha kwa roho yako na uendelee kusoma.

Ya mshahara sitaandika. Aliyeuona anajua, na ambaye hakuuona hatanisadiki. Ya kupandishwa cheo pia sitaandika. Niliingia kwa chai nikiwa mchumaji, nikatoka nikiwa mchumaji, na majani hayakuwahi kuniuliza cheo. Nitaandika vile watu wanaweza kutiana moyo kwa imani wakiwa wameloa mpaka mifupa, na vile watu hao hao wanaweza kuharibu hiyo kazi wakidhani wanaifanya.

Mimi ni wa Sigor. Huko kwetu ni mahindi, mbuzi na jua. Chai nilikuwa naijua ikiwa ndani ya kikombe. Nikaolewa Sosiot, bwana yangu akapata kazi ya kuendesha trakta kwa shamba kubwa la kampuni, tukapewa chumba kambini, na mimi nikaandikwa kuchuma. Asubuhi ya kwanza nilienda shambani nimevaa viatu vya kanisa. Niliambiwa ni kazi ya kampuni, nikafikiri kampuni ni mahali pa kwenda umependeza. Kabla ya ukungu kutoka, viatu vilikuwa vimefungua midomo kama vifaranga.

Hapo ndipo niliitwa na mwanamke mrefu, mikono mirefu, sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto.

"Wewe wa viatu vya harusi! Kuja hapa kando yangu kabla hujaolewa na matope."

Huyo ndiye Rebeka. Kila kitu ninachojua juu ya chai nilifundishwa na yeye, na mambo ya Mungu pia mengi, ingawa kanisani nilikuwa nimeingia kabla yake.

Alinifungia aproni ya nailoni kiunoni, akanipa fito. Nyinyi mnaochuma kwa mashine, fito mmeiona ikiwa kuni tu. Ni kijiti kirefu kilichonyooka, unakilaza juu ya miti ya chai, ndicho kinakuonyesha mahali pa kuchuma. "Linalosimama juu ya fito ni lako," Rebeka akasema. "Lililo chini ya fito ni la wiki ingine. Usiwe na tamaa." Nikashika jani nikaling'oa na kijiti chake. Akanipiga mkono. "Mama, hapa hatukamui ng'ombe. Vunja. Majani mawili na kichipukizi, tak! Unatupa nyuma, unasahau." Nikajaza kikapu mgongoni, nikaanza kushindilia kwa ngumi ndio kiingie zaidi. Akanipiga tena. "Majani yakikosa hewa yanapata homa. Yakigeuka mekundu karani atayamwaga mbele ya watu, na mimi nitasema sikujui."

Jioni vidole vyangu vilikuwa vyeusi kwa utomvu na vimekatika. Nililia nikitengeneza ugali. Bwana yangu akauliza kama ni moshi, nikamwambia ndiyo, ni moshi.

Sasa sikieni habari ya mstari, kwa sababu yote ninayotaka kusema iko hapo. Siku zile kila mchumaji alikuwa na mstari wake, ile njia nyembamba katikati ya chai. Mnaanza pamoja chini ya bloku, kile kipande chenu cha shamba, mnapanda pamoja, mabega sawa. Miti ya chai imeshikana kama nywele, kwa hivyo ukishaingia mstarini hakuna mlango wa kando. Unatokea mwisho. Na kila siku kuna mtu anabaki nyuma. Ana homa, ana mimba, amekosana na bwana, ama ni mgeni kama mimi. Ukibaki nyuma ndani ya ukungu husikii wenzako, unaanza kuongea na roho yako, na roho saa hiyo haina mashauri mazuri.

Kwa hivyo kikundi chetu kilikuwa na desturi ya kuvuta. Aliye kulia kwako na aliye kushoto wanarudi nyuma kidogo, wananyoosha mikono juu ya chai, wanachuma ukingo wa mstari wako, na yale majani wanatupa ndani ya kikapu chako. Chako, si chao. Hakuna mtu anasema kitu. Na wewe unayevutwa una sheria moja tu: husemi asante. Rebeka alikuwa mkali hapo. "Asante inasimamisha mikono. Ukivutwa, chuma."

Kabla ya kuingia mstarini tulikuwa tunaomba hapo ukingoni, tumesimama na vikapu mgongoni kama kobe. Kikundi kilikuwa na makanisa ya kila aina. Zipora, ambaye mtamjua sasa hivi, alikuwa wa kanisa la ngoma, mimi la kengele, Rebeka la kusimama wima na kukohoa kwa adabu. Huko ukingoni tulikuwa kitu kimoja. Aliyeomba ni Rebeka, na ombi lake lilikuwa fupi kwa sababu kulikuwa na baridi. "Bwana, tuko hapa. Vidole ni vyako. Nyoka pia ni zako, zishike. Amina." Halafu tunaingia, na yeye anaanzisha wimbo. Alikuwa ameutunga mwenyewe, kutoka kwa ile desturi yetu.

"Nani amebaki nyuma?"

Sisi wote: "Tunamvuta!"

"Amechoka huyo?"

"Tunamvuta!"

"Mpaka wapi, mama?"

"Mpaka kwa Bwana!"

Mikono inaenda na wimbo. Nyapara wetu, Koech, alikuwa mtu asiyeenda kanisa lolote, alisema kanisa lake ni redio. Lakini huo wimbo aliupenda kushinda wachungaji wote, kwa sababu ukiimbwa vizuri, majani yanajaa.

Mtoto wangu Chebet alipokuwa mdogo alishikwa na kifua, akalazwa. Mimi asubuhi niko shambani, mchana niko hospitali, na nilikuwa nimeanza kumwuliza Mungu maswali ya ukali. Rebeka hakunijibu hata moja. Alikuja mstari wa kando akanivuta siku zote hizo, kikapu changu kikijaa na mimi sijui kimejaaje. Siku moja tu ndiyo aliongea. Alisema, "Wewe leo usiombe. Umechoka. Mimi nitaomba yako na yangu, wewe sema amina tu." Nikasema amina. Chebet alipona, na leo ni mwalimu, na watoto wake wanajua Kiingereza mpaka wanakitumia kunijibu vibaya.

Basi. Rebeka alikuwa na bwana. Mzee wa kanisa, suti ya kijivu, sauti nzuri, ndiye aliyesoma matangazo kila Jumapili. Jumapili moja matangazo yakasomwa na mtu mwingine. Mwenyewe alikuwa Bomet mjini, amepanga nyumba na mwimbaji mmoja wa kwaya, wa sauti ya kwanza. Hakuaga mtu. Alichukua suti, akachukua redio, akaacha Biblia mezani.

Rebeka alikuja kazini Jumatatu kama kawaida. Tukasimama ukingoni tukingoja aombe. Akakaza mkanda wa kikapu.

"Ombeni nyinyi. Mimi nina kazi."

Akaingia mstarini peke yake. Hakuimba. Sisi tukaingia nyuma yake kama watu waliosahau kitu nyumbani.

Alikoma kanisa pia. Na hakukoma kwa kujificha. Jumapili, saa ile watu wanapita na mavazi yao mazuri, yeye anatoa beseni nje, anafua, anaanika shuka juu ya ua unaotazama njia ya kanisa. Nilienda kumwona. Alikuwa anakamua shuka kama anakamua shingo ya mtu ninayemjua.

Nikamwuliza, "Rebeka, umemwacha Mungu?"

"Nani amesema? Mungu yuko."

"Sasa?"

"Sasa mimi na yeye hatusalimiani." Akatikisa shuka, maji yakaniingia machoni. "Bot Chebet, huyo mtu nimemwombea tangu tuoane. Niliombea hata koo lake, apate sauti ya kusoma matangazo. Sauti akapata. Ona mahali ameipeleka. Nikikuambia nitaomba tena, nitakuwa nakudanganya."

Bot Chebet ni mimi, mama yake Chebet. Nilirudi nyumbani nikiwaza. Yule aliyenibebea imani yangu wakati mimi nilishindwa kuibeba, sasa yake ilikuwa inaanguka chini, na nilikuwa naona kwa macho kwamba ikianguka ataizika na hatarudi kutafuta kaburi.

Tukafanya mkutano, na hapo ndipo tulipoharibu. Zipora ndiye alikuwa na mpango. Zipora ni mtu mwenye moyo mkubwa na mdomo sawa na huo moyo. Alisema, "Mstari hauna mlango. Tumweke katikati. Akiwa ndani hawezi kutukimbia, na Neno litamfikia." Tukaona ni hekima. Kesho yake tukamweka katikati. Kulia, Zipora na aya za Biblia. Kushoto, mama mwingine na ushuhuda wa bwana yake aliyewacha pombe. Mimi mstari wa pili, nikiitikia. Na nyuma, wale wengine wote wakiimba wimbo wake mwenyewe, wakimwimbia mgongoni, kwa nguvu, kama watu wanaofukuza ndege kwa shamba la wimbi.

Siku ya kwanza alichuma. Siku ya pili alichuma mbio zaidi. Siku ya tatu akasimama.

"Zipora, hizo aya unanisomea ama unanirushia?"

"Nakutia moyo, dada!"

"Basi tia polepole, unamwagia nje."

Mchana huo ikaanguka mvua ya mawe. Nyinyi mnaijua mvua ya mawe ya Kericho, haina adabu. Kila mtu akainama chini ya chai na kikapu juu ya kichwa. Mawe yanapiga vikapu kama ngoma, hakuna mtu anasikia mwenzake, isipokuwa Zipora. Zipora chini ya kikapu chake alikuwa anapiga kelele, "Rebeka! Hii ni majaribu! Dhoruba inapita! Shikilia!"

Mvua ikaisha. Rebeka akatoka chini ya chai na majani kwa nywele, akapanda mpaka mwisho wa bloku bila kuchuma hata moja, akaenda moja kwa moja kwa Koech.

"Nyapara, nipeleke ile bloku ya chini, kwa mikaratusi."

"Kule? Kule ni kubaya. Ni matope, na uko peke yako."

"Hapo kwa peke yangu ndipo nimependa."

Akaenda. Tukabaki na wimbo wetu, na hakuna mtu wa kuuanzisha. Kila asubuhi tulikuwa tunaomba haraka haraka, tunaingia, kimya. Unasikia tu tak, tak, tak, na mtu akipiga chafya bloku nzima inasema pole. Koech alivumilia, halafu akashindwa.

"Kina mama, mmefiwa na nani? Imbeni! Kama hamna wa kanisa, imbeni hata wa siasa!"

Zipora akasema ataanzisha yeye. Akaanzia juu sana mpaka mbwa wa kambi wakaitikia. Koech akavua kofia yake akasema, "Zipora, nimekuelewa. Asante. Nyamaza."

Tulicheka, lakini tulipokaa kunywa turungi, ile chai nyeusi ya wachumaji, Zipora alianza kulia ndani ya kikombe chake. Akaniambia, "Bot Chebet, mimi nilitaka tu arudi. Nimemfukuza." Nikamwambia, "Tumemfukuza. Wewe ulikuwa tu na sauti zaidi." Nikawaza wakati Chebet alikuwa amelazwa. Rebeka alinipa aya gani? Hakunipa. Alinyoosha mkono. Sisi tulichukua desturi ya kuvuta, tukaigeuza kuwa ya kusukuma, na mtu ukimsukuma kutoka nyuma ndani ya njia nyembamba, ataenda tu mahali usipotaka.

Tukaenda kwa Koech, tukamwomba atupeleke bloku ya mikaratusi.

Akatutazama. "Mnaenda kuhubiri?"

"Hatuhubiri."

"Zipora pia?"

Zipora akasema, "Nyapara, mimi nimemeza ulimi wangu."

"Haujaenda chini," Koech akasema. "Lakini haya, nendeni. Hata huko kuna majani."

Rebeka alituona tukishuka na vikapu akaweka mikono kiunoni.

"Mmetumwa na nani?"

"Na Koech," nikasema. "Amesema majani ya huku yamekomaa."

"Mm." Akageuka akachuma.

Tukachukua mistari ya kando yake, kulia na kushoto. Hatukusema kitu. Bloku hiyo ilikuwa mbaya kweli, tope linavua mtu gambuti. Rebeka alikuwa amekonda, na mikono iliyokuwa ya kwanza kwa kikundi sasa ilikuwa inabaki nyuma. Akibaki, tulirudi tukanyoosha mikono, tukachuma ukingo wake, tukatupa ndani ya kikapu chake. Hakusema asante. Hiyo ilinipa tumaini. Sheria alikuwa bado anaikumbuka.

Zipora aliteseka. Unaona aya inapanda kwa shingo yake, inafika mdomoni, anachukua jani la chai anauma. Alimaliza msimu huo ametafuna chai mbichi ya kutosha kiwanda.

Asubuhi tuliendelea kuomba ukingoni. Mimi ndiye niliomba, vibaya, lakini fupi. Rebeka alisimama kando akifunga aproni. Kufunga aproni ni kitu cha kufumba na kufumbua. Yeye alifunga mpaka tulipofika amina.

Jumapili tukitoka makanisani, hatukupita njia nyingine. Tulipita kwake, na nguo zetu za kanisa, tukakunja mikono, tukafua naye. Zipora ndiye alianika. Mchungaji wake akapita, akaona shuka za mtu aliyekataa ibada zinaanikwa juu ya ua na waumini wa makanisa mengine, na kitambaa cha kichwa cha Zipora kimelowa. Akasalimia, akapita haraka kama mtu aliyeona mambo ya familia. Rebeka akacheka. Mara ya kwanza tangu ile Jumapili ya matangazo. Kisha akasema, "Mngeendelea na zile aya zenu, haki ya Mungu, ningehama Kericho." Ni kweli alisema haki ya Mungu. Zipora akanikanyaga mguu. Nikamkanyaga pia.

Ndipo akaja Mercy. Ndiyo, wewe Mercy, usijifanye kusoma haraka. Aliletwa msichana mwembamba kutoka Soin, huko chini kwa joto, hajawahi kuona baridi ya asubuhi ikitoka mdomoni kama moshi. Alikuwa ameacha mtoto mchanga kwa nyumba ya kulea watoto kambini, maziwa yamelowesha blauzi yake. Koech akampa mstari, mwisho kabisa, kando ya Rebeka. Ukungu ulikuwa mzito, mtu humwoni, unaona kikapu kikielea. Tukapanda. Katikati ya bloku tukasikia kilio huko nyuma.

Mimi nilikuwa mbali. Nikasikia Rebeka anasimama. Kisha nikasikia chai inasuguana na aproni, anarudi chini.

"Msichana, ni nini? Nyoka?"

"Sitaweza, mama." Mercy alikuwa analia mpaka maneno yanaruka. "Niliomba Mungu anipe kazi. Niliomba sana. Sasa kazi yenyewe ndiyo hii? Mungu gani huyu?"

Sisi wote mikono ilisimama. Zipora akatafuta jani la kuuma. Kwa sababu hilo swali lilikuwa la Rebeka mwenyewe, limetoka mdomo mwingine, na huko nyuma hakukuwa na mtu wa kulijibu isipokuwa yeye. Angeweza kusema, kweli, Mungu gani. Alikuwa na haki yake.

Halafu tukasikia tak. Tak, tak. Anachuma ukingo wa msichana.

"Hata mimi nina swali kama hilo," akasema. "Tutamwuliza wote wawili. Lakini usimwulize ukiwa umesimama, utaganda. Chuma."

Tak, tak, tak. Kisha sauti ikatoka ndani ya ukungu. Ilikuwa imeshika kutu, na ilianza chini sana kama mtu anayejaribu mlango uliofungwa kitambo.

"Nani amebaki nyuma?"

Hakuna aliyejibu. Zipora alikuwa bado ana jani mdomoni.

"Nani amebaki nyuma? Kwani mmekufa?"

"TUNAMVUTA!" Zipora akalipuka, ndege wakatoka kwa mikaratusi yote mara moja. Tukaitikia sote. Mercy hakujua wimbo, alikuwa anaitikia nyuma yetu, amechelewa kila mara. Tukaenda mpaka mwisho, na tulipofika mahali pa kumaliza, Rebeka akaongeza kitu ambacho hakikuwa ndani ya wimbo. Aliuliza tena, "Nani amebaki nyuma?" na kabla hatujaitikia, akajijibu mwenyewe, polepole.

"Ni mimi."

Tukamwimbia, "Tunamvuta." Hatukupiga kelele mara hii. Koech alikuwa amesimama juu kwa barabara ya trakta. Aliniambia baadaye kwamba umande ulimwingia machoni.

Kesho yake asubuhi tulisimama ukingoni. Nikafungua mdomo niombe, Rebeka akanisukuma kando na kikapu.

"Bwana, tuko hapa," akasema. "Mimi na wewe tulikuwa hatusalimiani. Habari yako." Akangoja kujibiwa, na sisi tukangoja pamoja naye. "Nyoka zishike. Amina."

Huyo mwenye matangazo hakurudi. Ninaandika hivyo kwa sababu kuna mtu anasoma hapa akingojea arudi na suti yake alie mbele ya madhabahu. Yuko huko huko, na Mungu amlinde huko huko. Rebeka alirudi kanisani akakaa benchi ya karibu na mlango, na hajahama mpaka leo. Anasema hapo kuna hewa.

Halafu mashine zikaja. Siwezi kuzisema vibaya sana, zinalisha wengi wenu. Watu wawili wanashika huku na huku, inanyoa chai kama kichwa cha mtoto, na ile kelele! Vikundi vikavunjwa. Rebeka akastaafu, Zipora akaenda kukaa na binti yake. Mimi nikabaki na wachache, tukipewa zile kona za mteremko mashine haiwezi kushika. Mercy naye akawa mkubwa wa watu wa mashine, ana kofia ya kuziba masikio. Nilikuwa nawaona kwa mbali, kila mtu ameziba masikio yake, kila mtu na roho yake. Nikasema basi, huo ndio mwisho wa wimbo.

Siku yangu ya mwisho mnaikumbuka, lakini mnaikumbuka kutoka upande wenu. Mimi nawaambia ya upande wangu. Magoti yalikuwa yamekataa tangu asubuhi. Wenzangu wa mteremko walikuwa wamefika juu, mimi niko katikati, na ukungu ukashuka. Nilikuwa nimeanza kuongea na roho yangu. Ilikuwa inaniambia, sasa wewe mama mzee, miaka yote hiyo ya kuomba na kuimba ndani ya matope, nani atakumbuka?

Ndipo mashine zikazimwa. Moja, halafu ya pili, halafu zote. Kimya kikaanguka kwa bloku mpaka nikafikiri nimekuwa kiziwi. Na kwenye hicho kimya nikasikia sauti ya Mercy, ile ile iliyokuwa inachelewa.

"Nani amebaki nyuma?"

Niliitikia wimbo huo maisha yangu yote ya kazi, na sikuwahi hata siku moja kuwa mtu wa kujibu hilo swali.

"Ni mimi," nikasema.

Mkaja. Vijana wa mashine ambao hawajui hata fito ni nini, mkashuka mteremko na hayo magambuti yenu, mkanyoosha mikono kulia kwangu na kushoto, mkachuma vibaya, majani na vijiti na yote, mkatupa ndani ya kikapu changu. Wimbo mlijua nusu. Wengine nimesikia mnauita wimbo wa Kogo. Si wa Kogo. Ni wa Rebeka, na sasa mnajua ulitoka wapi na nusura uishie wapi.

Kwa hivyo, zimeni mashine. Si siku nzima, kampuni italia. Asubuhi tu kabla ya kuingia, vueni hizo kofia za masikio, ombeni fupi, angalieni nani hayuko na mabega ya wengine. Mkimwona, msimrundikie aya. Aya ni nzuri, atazikuta mwenyewe akipata nguvu. Mnyoosheeni mkono kwanza.

Siku hiyo sikuwaambia asante, na nilimwona kijana mmoja akinitazama kama nimekosa adabu. Sikukosa. Nilikuwa navutwa, na anayevutwa anachuma. Sasa nimestaafu, niko kwangu Sosiot, nimekaa, Rebeka yuko hapa mlangoni anakunywa turungi na kuniuliza ninaandika nini kirefu hivyo, na mikono yangu haina kazi.

Asanteni.